Tandiko salama la kizimba cha nyoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nyoka anafika leo. Nimtandikie nini?

Karatasi. Gazeti la tabaka tatu au nne, au karatasi nyeupe za jikoni, linamtosha nyoka wa aina yoyote kwa wiki za mwanzo, hata yule ambaye baadaye atawekewa udongo wa kina kirefu. Karatasi haina vumbi wala mafuta ya mti, haishikamani na chakula, na haifichi kitu: choo cha majimaji, damu, chakula kilichotapikwa na utitiri vyote vinaonekana siku hiyo hiyo. Kurasa zinazong'aa ziache, kwa kuwa hazinyonyi maji na mkojo hubaki juu.

Kama nyumbani kuna reptilia wengine, mgeni akae kwenye karatasi siku 60 hadi 90, chumba tofauti, na awe wa mwisho kuhudumiwa kila siku. Udhaifu mkubwa wa karatasi ni kwamba nyoka hapati pa kujifukia. Kwa hiyo weka maficho mawili yanayombana mwili kidogo, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Nyoka asiye na pa kujificha mara nyingi hugoma kula, na mwenyewe akadhani anaumwa.

Baada ya hapo, lipi ni bora?

Jibu linatokana na mambo matatu: hewa ya kizimba inatakiwa iwe na unyevu kiasi gani, nyoka wako ni mchimbaji au la, na joto linatoka juu au chini. Picha iliyochapishwa kwenye mfuko haikwambii lolote kati ya hayo.

Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) na nyoka wa jenasi ya Lampropeltis (nyoka mfalme na nyoka wa maziwa) huridhika na unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Hao wanafaa sana kwenye maranda ya aspeni. Aspeni ni mti usio na mafuta makali, maranda yake hushikana, na handaki likichimbwa halibomoki mara moja. Adui yake ni maji: yakilowa, siku mbili tatu zinatosha kuota ukungu.

Nyoka pua-nguruwe (Heterodon nasicus) na boa wa mchanga (Eryx) wanataka pakavu zaidi na kina cha kuchimba. Wape aspeni au mchanganyiko wa udongo na mchanga unaoelezwa chini.

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius) anahitaji asilimia 60 hadi 80, na boa wa upinde wa mvua (Epicrates cenchria) huanza kupata shida unyevu ukishuka chini ya 75. Kwa hao aspeni haifai hata kidogo. Chagua usumba wa nazi, vipande vya makumbi, magome ya kupandia okidi au matandazo ya saipresi, au changanya viwili. Mchanganyiko wa usumba sehemu mbili na magome sehemu moja unafanya kazi vizuri: usumba unashika maji, magome yanaruhusu hewa kupita chini na kuzuia vumbi kumshika nyoka mdomoni.

Nyoka wa mitini, kama chatu wa kijani (Morelia viridis), hushuka chini mara chache. Kwao tandiko ni la kutunza unyevu tu, kwa hiyo chagua linalosafishika upesi.

Kwa nini mwerezi unakatazwa kabisa kwenye kizimba cha nyoka?

Kwa sababu ile harufu nzuri ndiyo sumu yenyewe. Ni mafuta yanayogeuka mvuke, na joto la kizimba linaongeza mvuke huo. Asidi ya plikati iliyomo kwenye mwerezi mwekundu (Thuja plicata) inajulikana kwa kuwaletea mafundi mbao pumu, na fundi hurudi nyumbani jioni. Nyoka analala pua ikigusa maranda saa 24. Nyoka wengi wana pafu moja tu linalofanya kazi, na hawana kiwambo cha kuwasaidia kukohoa makohozi yatoke. Ugonjwa wa kifua ukianza hapo, kuutoa ni kazi.

Katazo hili halina kipimo. Usichanganye kidogo, usiweke kwenye kona, usitumie kipande cha mwerezi kama maficho.

Na msonobari?

Msonobari mbichi una utomvu na kemikali kali ziitwazo fenoli, usitumie. Uliokaushwa kwenye tanuri umepoteza sehemu kubwa ya hayo, na wapo wafugaji wanaoutumia bila madhara. Hata hivyo, kama aspeni inapatikana, hakuna sababu ya kujiingiza huko. Magome ya msonobari yaliyooshwa na kuzeeka ni jambo jingine: utomvu wake ni mdogo kuliko wa mbao mbichi. Yanuse. Ukipata harufu kali ya tapentaini, yarudishe.

Naweza kuchukua maranda kwa seremala?

Hapana, labda ujue kwa hakika ni mti gani na haujatiwa dawa. Chini ya meza ya seremala maranda ya miti mitano huchanganyika, pamoja na ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, vipande vya plaiwudi vyenye gundi, chembe za vanishi na wakati mwingine misumari. Vumbi la mbao nalo ni baya lenyewe, liwe la mti wowote: laini mno, linaingia puani na kwenye vishimo vya joto midomoni mwa chatu.

Vipi mchanga, kokoto, mabunzi ya mahindi na vingine vinavyouzwa?

Mchanga mtupu haufai nyoka wengi. Unakausha, unaingia chini ya magamba na mdomoni, na mkojo huzama usiuone. Mchanga wa kalsiamu ni mbaya zaidi: hutangazwa kuwa unayeyuka tumboni, lakini ukilowa hushikana na kuwa bonge, na tumboni kuna majimaji. Mabunzi ya mahindi yaliyosagwa hunyonya maji na kufura, hushika ukungu upesi, na yakimezwa huziba utumbo. Maganda ya jozi yaliyosagwa yana kingo kali. Mchanga wa choo cha paka umetengenezwa kukausha kila unachogusa, ngozi ya nyoka ikiwemo.

Kokoto hazina sumu, lakini uchafu hushuka chini yake na kuoza usipoonekana. Nyasi bandia na zulia la reptilia huoshwa na kutumika tena, jambo linalovutia wengi. Shida ni nyuzi zinazochomoka kingoni na kujiviringa kwenye mkia wa nyoka mdogo, na bakteria wanaobaki ndani ya kitambaa hata baada ya kufua. Ukilitumia, uwe na vipande viwili vya kubadilishana, kimoja kikauke kabisa juani huku kingine kikiwa kazini, na kipande kilichochanika kitupwe.

Tofali la usumba linaandaliwaje?

Tofali la gramu 650 huhitaji maji ya uvuguvugu lita 3 hadi 4, na hutoa lita 7 hadi 9 za tandiko.

1. Liweke kwenye ndoo kubwa, mimina lita 3, subiri dakika 20 hadi 30. Vunja mabonge kwa mkono na ongeza maji penye ukavu.
2. Chukua konzi moja, kamua kwa nguvu. Likitoa tone moja au mawili na kubaki limeshikana, limefikia. Likitiririsha maji, litandaze juu ya karatasi likauke kwanza.
3. Kwa nyoka wa unyevu wa kati, acha juu pakauke kabisa kabla ya kumwingiza.

Soma lebo. Usumba wa bustani wakati mwingine umetiwa mbolea, na usiooshwa vizuri huwa na chumvi. Ukiwa na shaka juu ya chumvi, loweka, kamua, mwaga maji, rudia mara mbili. Usiache usumba ukauke hadi chini: ukikauka hivyo hutoa vumbi jekundu kila nyoka anapopita.

Kina kiwe sentimita ngapi, na ninunue kiasi gani?

Nyoka wa mahindi na wenzake: sentimita 5 hadi 8. Chatu mdogo: 5 hadi 10. Wachimbaji: 10 hadi 15, na boa wa mchanga akipewa zaidi atatumia yote.

Kiasi hupigwa hivi: urefu mara upana mara kina, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Kizimba cha 120 kwa 60 chenye kina cha 8 kinahitaji lita 57.6. Kile cha 90 kwa 45 chenye kina cha 6 kinahitaji lita 24.3. Ongeza kama sehemu moja ya kumi, kwa sababu maranda na usumba hushuka baada ya siku chache za kukanyagwa.

Joto langu linatoka kwenye mkeka wa umeme uliowekwa chini ya kizimba cha kioo. Kuna tatizo?

Lipo, na ndilo linalounguza nyoka wengi. Tandiko nene ni kizuizi cha joto. Mkeka unapasha kioo, joto linashindwa kupanda, kioo kinazidi kupata moto huku juu ya tandiko pakibaki vuguvugu. Kama sensa ya thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima mkeka kulingana na joto) umeiweka juu ya tandiko, inasoma "bado baridi" na kuacha mkeka uwake mfululizo. Kisha nyoka anayetafuta joto anachimba hadi kioo na kulala juu yake. Nyoka hawakimbii joto la kuunguza kwa haraka kama unavyotegemea; anaweza kutulia hapo mpaka magamba ya tumbo yaive.

Fanya hivi: weka sensa kati ya mkeka na kioo, ibandike isisogee. Ndani, pima kioo chenyewe kwa kipimajoto baada ya kusogeza tandiko. Kwa aina nyingi zinazofugwa, kioo kisizidi nyuzi 33 au 34 za Selsiasi, kwa sababu nyoka anaweza kukifikia. Juu ya mkeka kina kiwe sentimita 2 au 3 tu, kwingine kiwe kirefu. Kwa mchimbaji wa kweli, achana na mkeka. Tumia balbu au hita ya kauri kutoka juu, yenye wavu wa kuikinga asijiviringe juu yake. Mkeka usio na thamostati usiwashwe kabisa, tandiko liwe lolote.

Nawezaje kupandisha unyevu bila kuozesha magamba?

Hapa ndipo tandiko zuri hugeuka baya mikononi mwa mtu mwenye nia njema. Anasoma asilimia 45, anashika chupa ya kunyunyizia, analowesha juu kila asubuhi. Kipimo kinaruka hadi 90, saa tatu baadaye kimerudi 45, na nyoka amelala tumbo kwenye maji siku nzima. Wiki chache zikipita, kingo za magamba ya tumbo zinageuka kahawia au wekundu, kisha malengelenge.

Unyevu unatakiwa utoke chini. Juu pawe pakavu ukipagusa kwa kiganja, sentimita 3 chini pawe na ubaridi wa maji. Ili kufika hapo, mimina maji kwenye pembe za kizimba badala ya kunyunyizia. Kwa kizimba cha 120 kwa 60, anza na nusu lita iliyogawanywa pembe nne, subiri saa 24, soma kipimaunyevu, ongeza kidogo kidogo. Kipimo kiwe cha dijitali, kiwekwe usawa wa sakafu upande wa baridi. Kilichobandikwa karibu na dari kinapima hewa ambayo nyoka haivuti.

Kama kifuniko ni cha wavu, unyevu unatoroka juu na hakuna tandiko litakaloshinda hilo. Ziba theluthi mbili ya wavu kwa karatasi ya alumini, mbali na balbu. Usizibe wote. Hewa isiyosonga ikikutana na tandiko lenye maji huleta ugonjwa wa kifua.

Nyoka wa pakavu anayekaribia kujivua gamba hahitaji kizimba kizima kilowe. Mwekee sanduku dogo la plastiki lenye tundu, ndani ujaze kuvumwani aina ya sfagnamu iliyoloweshwa na kukamuliwa. Atajiingiza mwenyewe macho yakianza kuwa na ukungu wa buluu. Badilisha hiyo sfagnamu kila wiki.

Akimeza kipande cha tandiko itakuwaje?

Mara nyingi hakuna kitu. Nyoka mzima wa afya mwenye joto la kutosha na maji hupitisha vipande vichache vya maranda au magome. Kuziba utumbo hutokea zaidi kwa wadogo, waliopungukiwa maji, au wanaokaa kwenye baridi kiasi kwamba mmeng'enyo umelala. Ukisikia nyoka ameziba, chunguza joto la kizimba kabla ya kulilaumu tandiko.

Kupunguza hatari ni rahisi. Kausha mnyama wa kulisha kwa karatasi kabla ya kumpa, kwa sababu manyoya yaliyolowa ndiyo yanayobeba uchafu. Mpe kwa koleo ndefu, au weka sahani pana au kigae chini. Kumhamishia kwenye sanduku la kulia hakupendekezwi sana siku hizi: kumbeba akiwa na tumbo limejaa humfanya atapike, na kutapika kunamdhuru kuliko kipande cha gome. Usiondoe kipande kilichoning'inia mdomoni wakati anameza. Akimaliza atapiga miayo na mara nyingi kitatoka chenyewe. Kikibaki baada ya hapo, kitoe taratibu kwa kibanio butu.

Udongo wa kawaida je?

Udongo wa juu usio na mbolea, dawa wala zile chembe nyeupe za palaiti unafaa sana, na ni rahisi kuupata kuliko bidhaa nyingi. Changanya sehemu 6 za udongo na 4 za mchanga safi uliooshwa kwa nyoka wa pakavu, au 7 kwa 3 ukitaka unyevu ukae. Kamua konzi, kisha fungua mkono na ulisukume bonge kwa kidole. Likishika umbo na kuvunjika vipande vikubwa, handaki litasimama. Likimwagika lote, mchanga umezidi. Likinata vidoleni, ni mfinyanzi, litakauka liwe gumu.

Udongo uliochimbwa nje una mayai ya wadudu na labda dawa ya shamba. Usitumie uliotoka mahali palipowahi kupuliziwa dawa.

Nimeona ukungu mweupe. Nitupe yote?

Kama ni kizimba cha udongo au magome chenye mimea na umeuona kwenye kipande kimoja cha mti, toa kipande hicho, ongeza hewa, endelea. Kama ni aspeni, toa yote. Ukungu ukionekana juu ya aspeni, chini umeshaenea. Kisha tafuta maji yalikotoka. Karibu kila mara ni bakuli lililojaa mno nyoka anapooga, kwa hiyo punguza maji hadi nusu au tafuta bakuli zito zaidi.

Kuna vidudu vinavyotembea kwenye tandiko.

Tofautisha kwanza. Vijidudu vyeupe au vya kijivu vinavyokaa kwenye magome yenye unyevu na kuruka ukivigusa ni kolembola, wanakula ukungu na hawana madhara. Utitiri wa nyoka (Ophionyssus natricis) ni mweusi au mwekundu wa damu, kama milimita moja au chini, na utaukuta juu ya nyoka: pembeni mwa jicho, chini ya kidevu, au umezama kwenye bakuli la maji. Pitisha karatasi nyeupe yenye unyevu mwilini mwake; ukiona nukta nyeusi zinazotembea, ndio huo.

Tandiko lote litupwe ndani ya mfuko uliofungwa, nje ya nyumba, siku hiyo hiyo. Nyoka arudi kwenye karatasi, zibadilishwe kila siku. Mapambo ya mbao na ya magome yatupwe au yagandishwe. Kwenye joto, utitiri unaweza kumaliza mzunguko wa maisha kwa wiki mbili hivi, na mayai hutagwa kwenye nyufa, kwa hiyo kusafisha mara moja hakumalizi kitu. Endelea wiki sita. Dawa ya kupaka akupe daktari wa wanyama; za viroboto vya mbwa na za kupulizia mende zinaweza kuua nyoka.

Tandiko jipya la mti unaweza kuligandisha nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 3 au zaidi kabla ya kulitumia. Magome yamwagiwe maji yanayochemka na kuachwa yapoe. Maranda makavu usiyaweke kwenye oveni, yanashika moto.

Nisafishe mara ngapi?

Kinyesi na ule mkojo mweupe mgumu kama chokaa vitolewe siku vinapoonekana, pamoja na tandiko la sentimita 5 kuvizunguka na chini yake. Mabadiliko ya jumla: karatasi kila ikichafuka, aspeni kila wiki 4 hadi 6, usumba na magome kila miezi 2 hadi 3. Pua yako ikinusa amonia, muda umepita. Nyoka ameivuta siku kadhaa kabla yako.

Siku ya kubadilisha yote, sugua kwanza kwa maji na sabuni, kwa sababu uchafu unaua nguvu ya klorini. Kisha paka dawa ya klorini ya kufulia sehemu 1 kwa maji sehemu 10, iache dakika 10, suuza hadi harufu iishe, kausha kabisa. Usiichanganye na siki wala amonia. Dawa za sakafu zenye mafuta ya msonobari au fenoli ziweke mbali na reptilia. Vyombo visioshewe kwenye sinki la jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila unapomaliza, kwani nyoka mwenye afya kamili anaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Na kizimba kinachojisafisha chenyewe?

Kinawezekana, lakini kinachukua kinyesi cha nyoka mdogo au wa kati tu. Chini weka sentimita 5 za vigololi vya udongo wa kuchoma, juu yake wavu wa plastiki, kisha udongo wa sentimita 10 au zaidi, majani makavu, kolembola na isopodi (vijidudu vyenye gamba wanaokula vitu vinavyooza). Wape wadudu hao wiki nne hadi sita wazaliane kabla ya kumwingiza nyoka. Kinyesi kikubwa bado utakitoa kwa mkono.

Dalili gani zinanipeleka kwa daktari badala ya kubadilisha tandiko?

Malengelenge au magamba ya tumbo yenye rangi ya kahawia inayoenea. Mlio wa filimbi anapopumua, mapovu mdomoni, au kukaa kichwa juu mdomo wazi. Uvimbe mgumu tumboni huku hajapata choo, hasa akikataa chakula. Katika hali zote hizo mrudishe kwenye karatasi siku hiyo, hakikisha joto liko sawa, piga picha tandiko ulilolitoa na lebo ya mfuko wake, uende nazo.